Dume Mzee Anakusoma Kabla Hujamwona: Mwongozo Kamili wa Kumkaribia Pongo na Swala kwa Miguu Hapa Nairobi

Asubuhi moja ndani ya msitu wa Karura, chini kidogo ya mteremko unaoshuka mtoni, nilimwona dume la pongo, swala wa msituni mwenye madoa meupe, akila majani hatua kama ishirini kutoka njiani. Wakimbiaji watatu walipita wakihema, hakuinua hata kichwa. Mama mmoja akapita na mbwa wake kwenye kamba. Pongo akageuza sikio moja tu, akaendelea kutafuna. Kisha mimi nikasimama. Sikupiga chafya wala kukanyaga kijiti. Nilisimama tu, nikamtazama. Kichwa kikapanda, masikio yote mawili yakanielekea, na kamera ilipofika usoni pangu pongo hakuwepo. Sikusikia hata jani kutikisika.

Nimeirudia asubuhi hiyo kichwani mara nyingi kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Dume yule alikuwa amewazoea watu. Alichokiogopa ni mtu aliyebadilisha mwendo ghafla akiwa karibu naye. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa inatoka kwenye jambo hilo moja.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamhesabu mkosaji yeyote anayemuua pongo kwa ajili ya nyama. Kwa hiyo naandika kwa anayewinda kwa macho: mpiga picha, mwanafunzi wa ikolojia, anayejitolea kuhesabu wanyama, mzazi anayetaka mwanawe amwone swala bila kioo cha gari katikati. Lakini kwa dume mzee tofauti hiyo haipo. Hawezi kujua kwamba kinachoning'inia shingoni mwako ni darubini. Mtu anayenyata ni mtu anayenyata. Ukitaka kumwona akiwa ametulia, jifunze kwanza anavyofanya wawindaji wanapopita karibu naye, halafu hakikisha hufanani nao.

Hatua ya kwanza: mjue dume unayemtafuta

Dume kijana na dume mzee hawampokei mgeni kwa namna moja. Kijana ana udadisi. Atatoka peupe akutazame, atakimbia hatua chache, atasimama tena kukutazama. Mzee amefika umri huo kwa sababu hakufanya hivyo.

Pongo dume huzaliwa wa rangi nyekundu ya hudhurungi, na kadiri anavyokua huiva na kuwa mweusi-mweusi, hasa shingoni na kifuani. Madume pekee ndio wenye pembe, nazo zina msokoto. Dume lililokomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 40 na 80, yaani kama mtu mzima, na bado anaweza kujificha nyuma ya kichaka ambacho mtoto wa shule hangefichika. Mara nyingi huwa peke yake.

Swala pala mzee utamtambua kwa shingo nene na pembe zilizopinda kama kinubi, ncha zikiwa mbalimbali. Kuro dume ana pembe ndefu zenye pingili, na wale wa Mbuga ya Nairobi wana jambo la kuvutia: hapa ndipo aina mbili za kuro hukutana na kuzaana, yule mwenye duara jeupe matakoni na yule mwenye baka jeupe lililojaa. Utaona wengine ambao hujui uwaweke upande gani. Pofu, swala mkubwa kuliko wote, akizeeka hugeuka rangi ya kijivu, huota kishungi cha nywele kwenye paji la uso, na akitembea utasikia mlio mkavu kutoka miguuni, ta, ta, ta. Watafiti waliowafuata pofu hapa Kenya waligundua kwamba dume likiwa kubwa zaidi, mlio huo huwa mzito zaidi, na madume wengine wanaupima kabla ya kuanzisha ugomvi.

Kongoni na swala tomi wanakuchanganya kidogo kwa sababu hata majike wana pembe. Angalia unene wa pembe pale zinapotokea kichwani. Za dume ni nene waziwazi.

Hatua ya pili: elewa anachofanya akikuhisi

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa wengi hukosea hapa. Tunadhani mnyama akihisi mtu hukimbia. Kwa dume mzee kukimbia ni jambo la mwisho. Kukimbia kunamtoa mafichoni, kunampotezea chakula na nguvu, kunamwonyesha kwa kila mwenye macho, na kama ni dume mwenye eneo lake, kunamwachia jirani nafasi ya kuingia. Kwa hiyo kabla ya mbio ana mambo mengine ya kufanya.

La kwanza ni kuganda. Pongo huganda mguu mmoja ukiwa hewani, taya limesimama katikati ya kutafuna, na mistari na madoa yake meupe yanaingiliana na vipande vya mwanga kati ya majani. Umempita hivyo mara nyingi kuliko unavyojua. Suni, yule swala mdogo sana wa Karura, huganda mpaka umkaribie kabisa, ndipo achomoke kwa mbio za kupinda-pinda.

La pili ni kukupisha. Hatembei mbali, anasogea mita chache upande, anaweka kichaka kati yenu, anasubiri upite, kisha anarudi alipokuwa. Mara kadhaa nimepita mahali, nikakaa kimya baada ya kona, na baada ya robo saa nikamwona dume anarudi kwenye kichaka kilekile.

La tatu ni kuzunguka kutafuta upepo wako. Amekusikia, labda amekuona nusu, lakini haamini mpaka apate harufu. Anazunguka kwa duara pana hadi upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwake. Ukiona pongo anatembea kwa kukuzunguka, kichwa chini, pua mbele, fahamu kwamba zimebaki dakika chache tu.

La nne ni kutoa sauti. Pongo hubweka, na kwa kweli hubweka kama mbwa mwenye koo kavu. Wageni wengi Karura hugeuka kutafuta mbwa. Swala pala hupuliza pua kwa nguvu. Usidhani kila mlio unakuhusu wewe, lakini. Kule Maasai Mara watafiti wameonyesha kwamba dume la nyamera (topi) hutoa mlio wa hatari ya uongo majike yanapotaka kuondoka kwenye eneo lake, ili yasite na kubaki. Ukisikia mlio, tazama kwanza anatazama wapi.

Mbio ndizo za mwisho, na kwa pongo huja na mkia ulioinuliwa ukionyesha weupe wa chini.

Mpangilio huu haupo kwetu tu. Marekani, ambako uwindaji wa kulungu wenye mkia mweupe ni halali na una misimu yake, watafiti wamewavalisha madume mikanda ya GPS na kuwafuata msimu mzima. Kulungu yule si ndugu wa karibu wa pongo, na pembe zake huanguka kila mwaka ilhali za swala wetu hudumu maisha yote. Lakini tabia inashangaza kwa kufanana. Wawindaji wakiingia, dume lililokomaa halihami eneo lake. Hubaki humohumo, hupunguza kutembea mchana, hushikilia vichaka vizito, na hufanya safari zake usiku. Sehemu yenye ulingo wa kuvizia ikitumiwa, madume huiepuka mchana kwa siku kadhaa.

Tena mwaka 2018 kikundi cha watafiti kilikusanya tafiti 76 za mamalia wa aina 62 kutoka mabara 6, na kukuta kwamba palipo na watu wanyama wamesogeza maisha yao usiku. Mnyama aliyekuwa akigawa shughuli zake nusu mchana nusu usiku, karibu na watu hufanya asilimia 68 usiku. Kilichoniumiza ni hiki: haikuleta tofauti kubwa kama watu hao walikuwa wamebeba bunduki au walikuwa wakitembea tu kujifurahisha. Nyayo zetu za Jumamosi zinaingia hesabu moja na za mwindaji.

Hatua ya tatu: panga safari kwa upepo

Ukiniuliza ni kitu gani kimoja kinachotofautisha siku njema na siku ya bure, nitasema upepo, na sitasita. Jicho la swala unaweza kulidanganya, na sikio linaweza kuamini kwamba ule ulikuwa mguu wa kima. Pua haidanganyiki.

Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 hivi, na asubuhi zake ni za baridi. Hewa baridi ni nzito. Usiku hujikusanya na kutiririka chini ya miteremko kama maji, na ndiyo maana ukishuka kwenye mabonde ya mito ya Karura saa kumi na mbili na nusu asubuhi unahisi umefungua friji. Saa hiyo harufu yako inateremka pamoja na hewa hiyo. Dume aliye mtoni anakujua ungali juu ya kilima. Jua likishapasha miteremko, kuanzia saa tatu au saa nne, hewa hugeuka na kuanza kupanda. Hapo kinyume kinakuwa kweli: wa juu ndiye anayekunusa.

Kwa hiyo asubuhi na mapema anza chini, utembee kupanda. Ukichelewa, anza juu ushuke. Ni kanuni ndogo, lakini watu wengi hufanya kinyume kwa sababu lango liko juu na mto uko chini, na miguu inapenda mteremko.

Kwenye nchi ya wazi kama tambarare za Mbuga ya Nairobi, upepo wa kawaida hutoka upande wa mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, ukitoka zaidi kaskazini-mashariki miezi ya joto na kusini-mashariki miezi ya baridi. Ndani ya msitu usiutegemee. Miti huuvunja na kuuzungusha. Beba kichupa kidogo cha poda ya mtoto, kile cha plastiki chenye matundu. Kibonyeze kidogo, tazama vumbi linaelekea wapi. Fanya hivyo kila njia inapopinda. Sijawahi kujuta kuifanya, na nimejuta mara nyingi kuisahau.

Manukato acha nyumbani. Sabuni yenye marashi, dawa ya nywele, dawa ya mbu iliyopuliziwa ndani ya gari kabla ya kushuka: zote zinatangulia mbele yako.

Hatua ya nne: nguo na sauti

Nguo za mabaka ya kijeshi usivae. Sheria ya Kenya haimruhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo, na askari wa langoni watakusimamisha kwa haki. Tena huzihitaji. Swala huona rangi kwa uchache kuliko sisi: nyekundu na rangi ya chungwa humfikia kama rangi iliyofifia, ilhali buluu huiona vizuri sana. Ile koti ya mvua ya buluu ndiyo mbaya kuliko shati jekundu. Kahawia, kijani kilichofifia na kijivu zinatosha. Muhimu kuliko rangi ni kitambaa kisichokwaruza. Suruali ya nailoni inayolia fya-fya kila hatua inakutangaza bondeni kote.

Kuhusu maongezi, nisikilize vizuri. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa eneo la mbuga ya Kruger, Afrika Kusini. Watafiti waliweka spika kwenye visima vya maji na kuchezesha sauti za simba, mbwa, bunduki, na watu wakizungumza kwa utulivu. Wanyama walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kukimbia wakisikia watu wakiongea kuliko wakisikia simba, na waliacha maji kwa haraka zaidi kwa asilimia 40. Mazungumzo ya kawaida yaliwatisha kuliko hata mlio wa bunduki. Kwa hiyo ukienda na rafiki, malizeni habari zenu kwenye matatu.

Hatua ya tano: chagua mahali na saa

Karura ni bora kwa anayeanza na pongo, kwa kuwa wanyama wake wamezoea wakimbiaji na njia zake zina vibao vyenye namba kwenye makutano, hivyo unaweza kurudi mahali palepale. Msitu wa Ngong Road na njia ya Oloolua kule Karen navyo vinafaa, ila usiende peke yako, na pale penye askari wa msitu waombe mmoja akusindikize. Ndani ya Mbuga ya Nairobi hutashuka garini ila sehemu zilizoruhusiwa. Kuna simba na nyati, na kwa hao wawili hakuna mazoezi. Anayetaka kufanya mazoezi ya nchi ya wazi kwa miguu aende mbuga ya Hell's Gate, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini kwa barabara, ambako unatembea au kuendesha baiskeli kati ya kongoni, swala pala na pofu.

Nyakati nzuri ziko mbili: lango linapofunguliwa, na saa ya mwisho kabla halijafungwa. Siku baada ya mvua ni nzuri kwa sababu majani hayalii chini ya kiatu. Jumapili mchana Karura, pumzika nyumbani.

Hatua ya sita: tembea kama mtu anayepita

Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe.

Dakika kumi za kwanza usitafute mnyama yeyote. Tembea tu, mpaka pumzi itulie na mwendo wako uwe mmoja. Mwendo unaoutaka ni wa mtu anayerudi nyumbani bila haraka: hatua sawa, uzito sawa. Usinyate. Nimewaona wapiga picha wenye vifaa vya bei ya gari wakijikunja na kuchutama, hatua tatu, kimya, hatua mbili, kimya. Hivyo ndivyo anavyotembea chui, na ndivyo anavyotembea mwindaji. Dume mzee anaposikia hatua zinazokatika-katika, kwake hiyo ni sauti ya kuviziwa. Hatua zinazoendelea bila kukatika ni za mpita njia, naye amewasikia wapita njia maelfu.

Ukimwona, usisimame. Narudia kwa kuwa mwili wako wote utataka kusimama. Endelea kwa mwendo uleule, na macho yaelekeze mbele yako au chini, umwone kwa pembe ya jicho. Wanyama wanaowindwa wanajua maana ya macho mawili yaliyowakazia. Mpite kabisa. Nenda hadi kwenye kitu kinachokupa sababu ya kusimama na kukuficha kidogo: shina nene, kibao cha njia, benchi, kona. Hapo ndipo usimame, ugeuke polepole, na ukae.

Kukaa ni bora kuliko kusimama. Mtu aliyeketi na mgongo wake umeegemea mti hana umbo la mtu. Kaa dakika ishirini kwa uchache, arobaini ukiweza. Kamera iwe tayari kifuani, mkono mmoja chini ya lenzi, ili iinuke kwa sentimita chache tu. Zima mlio wa kupiga picha kama kamera yako inaruhusu. Simu izime kabisa. Hata mtetemo wake mfukoni unasikika kuliko unavyodhani.

Njia usiiache. Karura na misitu mingine inakataza, na zaidi ya sheria kuna faida yako mwenyewe: njiani wewe ni jambo la kawaida, na ukiingia kichakani hatua kumi tu umekuwa tukio. Dume hujua mahali watu wanapopita, na hupima hatari kwa kuangalia nani ametoka nje ya mstari huo.

Penye nafasi ya wazi, kama Hell's Gate, usimwendee moja kwa moja. Panga mstari unaompita pembeni, kama mtu anayekwenda kwenye mti ule wa mbali upande wake wa kulia. Ukiufikia, geuka upite upande mwingine, mkato wako ukiwa karibu kidogo kuliko wa kwanza. Inachukua muda, na hakuna njia fupi.

Mkiwa wawili, kuna mbinu ambayo imenisaidia mara nyingi. Tembeeni pamoja, sako kwa bako. Mkifika kwenye kificho kizuri, mmoja aketi bila kusita na mwingine aendelee kwa hatua zilezile mpaka apotee. Dume anayefuatilia sauti husikia watu wameondoka. Aliyebaki asijikohoze.

Akikutazama moja kwa moja ukiwa umetulia, usijaribu kumshinda kwa kukodoa macho. Yateremshe, pumua, usimeze mate kwa nguvu. Mara nyingi atafanya hila: atainamisha kichwa kana kwamba anarudi kula, kisha atakiinua ghafla kukukamata ukisogea. Atafanya hivyo mara mbili, hata tatu. Subiri mpaka uone ulimi au taya likifanya kazi kweli, au aanze kujikuna. Hapo ndipo inua kamera.

Wasikilize kima pia. Pongo hupenda kukaa chini ya miti ambayo kima wanakula, aokote matunda na majani wanayoyaangusha, na ving'ora vya kima huvichukua kama vyake. Ukimchokoza kima umempoteza pongo.

Kila aina ina desturi yake

Kuro dume mwenye eneo kando ya maji haendi mbali. Atasimama akutazame kwa kiburi kinachoweza kukupoteza. Ukidhani amekuzoea, tazama kama amegeuza kiwiliwili kuelekea majini au vichakani. Swala pala mwenye majike yuko kazini mchana kutwa, akiwafukuza vijana na kuwarudisha majike, na katika pilikapilika hizo hukusahau. Yeye ndiye rahisi kupigwa picha. Lakini ukimsumbua unamgharimu, kwa sababu dume katika kipindi hicho hula kidogo na hukonda, na muda anaokutazama wewe mpinzani wake anautumia. Kongoni dume hupanda kichuguu na kusimama kama mlinzi. Ukimwona juu hapo jua amekuona kabla yako, kwa hiyo achana na kujificha na pita mbali wazi. Pofu ndiye mgumu kuliko wote. Mwili wote ule, dume likifika hata kilo 900, na bado huanza kuondoka ungali mbali kiasi kwamba hujaamini kama ni wewe uliyemwondoa. Kwa pofu, kaa mahali anapokuja badala ya kumfuata.

Ukiwa ndani ya gari mbugani, kanuni ni ileile ya kutobadilika. Punguza mwendo mapema, kabla hujamfikia. Gari linalofunga breki ghafla mbele yake ni sawa na mimi niliyesimama Karura. Zima injini ukishatulia, na usifungue mlango wala kutoa kiwiliwili dirishani.

Hatua ya saba: jua wakati wa kuacha

Masikio yote mawili kwako kwa zaidi ya dakika moja. Mguu wa mbele unaokanyaga chini. Pumzi ya puani. Mkia unaoanza kuinuka. Ukiona mawili kati ya hayo, umeshamkaribia kupita kiasi. Rudi nyuma hatua tatu nne kwa kukata pembeni, bila kumpa mgongo kwa ghafla. Mara nyingi atarudi kula, na utapata picha iliyo bora kuliko ile ya kumlazimisha.

Usimzibie njia kamwe. Kila mara jiulize: akitaka kuondoka, atapita wapi? Kama jibu ni kati yako na ua wa umeme, au kati yako na mto, ondoka wewe. Pongo anaonekana mpole, lakini dume aliyebanwa au aliyejeruhiwa hushambulia kwa pembe zile, na zimeshawaua mbwa.

Na kuna siku utaona tabia ambayo hukuisababisha wewe. Bonde ulilozoea kuona madume wawili watatu limenyamaza wiki nzima. Pongo anayekimbia ukiwa mita mia, mahali ambapo zamani alikuvumilia mita ishirini. Hapo tazama chini na kwenye vichochoro vya wanyama, hasa pale kichochoro kinapobanwa kati ya vichaka viwili: kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye shina, majani yaliyopangwa kuelekeza mnyama, alama za mbwa wengi mahali ambapo mbwa hawaji. Usikiguse na usizunguke kutafuta vingine, kwa maana aliyekitega anaweza kuwa karibu. Piga picha, shika namba ya kibao cha makutano yaliyo karibu, na uende moja kwa moja kwa askari wa msitu au wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Madume waliokubadilikia bila sababu ndio mashahidi wa kwanza wa mitego, na ukiwa na daftari la tarehe, saa, upepo na umbali, ushahidi wao unasomeka.

Ukimaliza, ondoka kama ulivyokuja. Inuka polepole ukiwa bado nyuma ya shina, shika njia, rudia mwendo uleule wa mtu anayekwenda nyumbani. Dume anakusikiliza bado. Usigeuke kumtazama mara ya mwisho mpaka upinde kona.